Msusi asiyezisikia nywele

Saa nne asubuhi, msusi mmoja anamimina maji ya moto kwenye beseni, anakunja mkono wa gauni na kutumbukiza kiwiko. Si vidole. Anatulia kidogo, anaongeza kikombe cha maji baridi, anatumbukiza kiwiko tena. Ndipo anamsogezea mdogo wake beseni achovye ncha za rasta nene za mteja, zisifumuke.

"Vidole vyangu vitakwambia maji ni ya uvuguvugu hata yakiwa yanachemka," anasema. "Siku hizi naamini kiwiko tu."

Wateja wanamwita Bonge. Miaka minne iliyopita jina hilo lilikuwa halali yake, maana alikuwa na kilo 138. Leo ana kilo 59 na jina bado wamemwachia. Ana miaka arobaini na mbili. Saluni hii ya viti vitatu ni yake, lakini kiti cha katikati, alichokisimamia miaka kumi na saba, sasa amekishikilia mdogo wake kwa muda. Yeye anaosha nywele, anafagia na kupima maji.

Unene ulimtesa kweli. Alikuwa na presha na magoti mabovu, na rasta nyembamba humtaka msusi asimame kwa saa tano mfululizo. Madaktari wakampunguza tumbo, wakaliunganisha na utumbo mbele zaidi ili chakula kiruke sehemu ya mwanzo. Kilo zikaporomoka, presha ikashuka. Wateja wakawa wanamgeuzageuza mbele ya kioo kama bibi harusi.

"Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji," anasema Bonge. "Nami nikalitia."

Alitoka hospitali na karatasi mbili za maelekezo. Ameze vidonge vya vitamini na madini kila siku, maisha yake yote, na apimwe damu kila mwaka. Mtaalamu wa lishe anayemhudumia sasa anaeleza sababu bila kupamba.

"Ile sehemu inayorukwa ndiyo mwili unapochukulia madini mengi ya chuma na kalsiamu. Vitamini B12 nayo inahitaji msaada wa tumbo ili ifyonzwe. Kwa hiyo anakula, anashiba, lakini vingi vinapita tu. Mtu anaweza kushiba na mwili wake ukalala njaa."

Bonge alimeza vidonge kwa miezi minane. Kisha siku moja mteja wake wa miaka mingi, mwalimu wa shule ya msingi, akamkuta navyo mkononi.

"Wee! Bado unakunywa hivyo?" Bonge anaigiza sauti ya mwalimu, mkono kiunoni. "Vitamini si ndizo wanazopewa watoto wanaokataa kula? Zitakufungulia hamu, urudi ulikotoka, kisu chote hicho kiwe cha bure!"

Saluni nzima ikaitikia. Saluni ina madaktari wengi kuliko hospitali, tena hakuna foleni ya kuwaona. Jioni ile vidonge vikaingia kwenye droo ya machanuo, na huko vikakaa. Hospitali walipopiga simu kuuliza, Bonge aliwajibu kwamba anavimeza kila siku. Siku ya kupimwa damu ilipofika, alikuwa na kichwa cha bibi harusi mkononi. Hakwenda.

"Nisiwasingizie watu," anasema. "Mdomo uliodanganya ni huu wangu. Niliogopa unene kuliko kifo."

Mwaka wa tatu nywele zake zikaanza kukatika. Akavaa wigi, wateja wakasema limemkaa. Akawa anahema kwa kupanda ngazi tatu za mlangoni. Halafu vidole vikashikwa na ganzi, na hapo kazi yenyewe ndiyo iliyomponza, kwa sababu wasusi hawaihesabu ganzi kuwa ugonjwa.

"Msusi gani hana ganzi?" anauliza. "Tunakunjua vidole, tunapaka dawa ya kuchua, tunaendelea na kichwa."

Alichua mwaka mzima.

Jumamosi moja alimaliza kumsuka mwalimu yule yule. Akachota maji, akayagusa kwa vidole kama alivyozoea, akaona yana uvuguvugu tu. Akachovya rasta na kuziachia zimlalie mwalimu shingoni.

Mwalimu alipiga yowe, mwenye duka la jirani akaja mbio. Ngozi ya shingo ilibabuka. Mkono wa Bonge, uliokuwa umezama kwenye maji hayo hayo, ulitoka malengelenge jioni yake.

"Nilikuwa namwambia aache kudeka," anasema, na kicheko chake hakina furaha hata kidogo.

Hospitali walimkuta na damu saba badala ya kumi na mbili, na B12 karibu hakuna. Akaanzishiwa sindano. Miezi saba baadaye damu imefika kumi na moja na ngazi anazipanda. Vidole havijaamka.

"Mishipa ya fahamu ikikaa na njaa muda mrefu, mingine hupona, mingine haiponi," anasema mtaalamu wa lishe. "Simwahidi kitu."

Mwalimu amepona na anasukwa kwingine. Nusu ya wale waliokuwa wakimgeuzageuza kwenye kioo wamemfuata huko. Ukimuuliza Bonge kama ana uchungu nao, hazungushi.

"Ninao, tena mwingi. Ningeambiwa leo nirudishiwe vidole vyangu na zile kilo zote, ningezipokea mlangoni, nikazipa na kiti zikae."

Msusi hupima kwa vidole. Nyuzi za nywele bandia zikizidi, rasta inavuta ngozi. Zikipungua, inachomoka. Kwa hiyo ndugu hawa wawili wamewekeana sharti. Bonge akiweza, kabla mwaka haujaisha, kuhesabu nyuzi kwa vidole akiwa amefumba macho, kiti cha katikati ni chake. Akishindwa, kitapewa msusi wa kuajiriwa, na tayari kuna anayekiulizia. Mazoezi hufanyika kila asubuhi, mteja wa kwanza akiondoka.

Leo mteja ametoka. Bonge anakaa, anafumba macho. Mdogo wake anamwekea nyuzi kati ya kidole gumba na cha shahada. Anazisugua taratibu, kwa muda mrefu, midomo ikicheza.

"Mbili," anasema.

Mdogo wake anazitazama. Ziko tano.

"Umepatia, dada."

Bonge anafumbua macho kabla hazijaondolewa. Anazitenganisha moja moja juu ya paja lake, mpaka ya tano.

"Usinipambe, mdogo wangu," anasema. "Walionipamba ndio walionifikisha hapa."

Anafumba macho na kunyoosha mkono.

"Weka tena."