Fomu Niliyoifukia Kwenye Unga

Binti yangu aliileta ile fomu Jumatatu, akaiweka kwenye meza ninayosukumia maandazi hapa Boko, anacheka. "Mama, wamenikubalia. Narudia."

Nikaacha kusukuma. Kwangu mie kurudia ni neno la kukamatwa.

Chanzo nitakisema, na waliohusika nitawataja kwa kazi zao. Nilipomaliza darasa la saba kule Kimbiji sikuchaguliwa kwenda sekondari, na kurudia darasa ilikuwa marufuku. Mwalimu mkuu akamwita baba, akamwambia kuna msichana kaozwa, jina lake bado limo kwenye daftari la mahudhurio. "Mwanao alichukue." Baba akampelekea majogoo wawili. Mwaka mzima nikaitika jina la mtu, na nikafaulu. Hapo mwalimu wa hesabu, ambaye mwanawe alikosa nafasi, akaandika barua. Akaja bwana wa elimu kutoka wilayani, akanisimamisha mbele ya shule nzima.

"Wewe, jina lako nani?"

Nilifungua mdomo, lisitoke hata moja. Mwalimu mkuu, mla majogoo, akasema hanifahamu. Shule yangu ikaishia mstarini.

Sasa huyu naye ananiambia anarudia, tena chuo kikuu!

"Wakijua je?" nikamuuliza.

"Wajue nini, mama? Si wao ndio waliotoa fomu?"

Akanieleza sheria zao. Somo la takwimu alipata D. Mwenye D anaruhusiwa kurudia mara moja tu, anasoma upya na kufanya mtihani upya, na alama mpya ndiyo inayobaki.

"Hata ikiwa mbaya kuliko ya kwanza?"

"Hata ikiwa mbaya. Na kwenye matokeo wataandika kwamba somo hili nimelirudia."

"Wanaandika?"

"Wazi kabisa."

Basi nikaona mtego. Wanakuacha urudie, halafu wanakuandika. Alipoingia kuoga nikaikunja ile fomu, nikaifukia kwenye ndoo ya unga. Nilijua mwisho wa kuirudisha ni Ijumaa saa tisa. Nikajiambia Ijumaa ikipita, mwanangu kapona. D yake si anayo? Nani aliwahi kufukuzwa kwa D?

Jumatano alianza kuitafuta. Alhamisi akapindua godoro, akamwaga begi lake sakafuni. Mkuu wa idara aliyeisaini kasafiri mikoani, fomu nyingine haipatikani. "Nimejiroga mwenyewe," alikuwa akisema, analia, na mie namsaidia kutafuta! Nainama mpaka uvunguni mwa kitanda, najua iko wapi. Usiku mzima nilisikia pua yake ikivuta.

Ijumaa asubuhi nikachota unga wa kukanda, vidole vikagusa karatasi. Nikaitoa, nikampa.

Aliitazama, akanitazama. "Mama, ulitaka kuniua?"

Nikamweleza yote, nimesimama, kama nilivyosimama mstarini. Majogoo, barua, jina la mtu. Hakuwahi kusikia. Nilidhani atanikumbatia, wapi! Alikung'uta unga kwenye fomu, akasema, "Vaa. Twende wote, ukasikie mwenyewe wanavyouliza."

Pale chuoni, kwenye dirisha la kurudishia fomu, kulikuwa na karani mwanamke, mnene, na miwani yake puani. Nikajificha nyuma ya mwanangu.

"Jina lako nani?"

Binti akataja majina yake matatu, la babu yake ndilo la mwisho, kwa sauti ya kusikika foleni nzima. Karani akapekua orodha yake.

"Unarudia?"

"Narudia."

Hakuna aliyegeuka. Karani akainua karatasi, akaipuliza. "Fomu hii mlikuwa mnaikaanga?"

"Muulize mama," binti akasema. Watu wakacheka. Muhuri ukagonga, na mie nikaruka.

Tukatoka nje. Nikamwambia, "Na ukipata F, ile D iliyofutwa hairudi."

"Najua. Ndiyo maana naogopa," akasema. "Ila naogopa kwa jina langu."

Karibu na kituo akaniuliza, "Yule msichana aliyeozwa, jina lake ulishalisahau?"

Sijalisahau. Mpaka leo mtu akiliita sokoni, nageuka.