Vipande vya Kibuyu Chini ya Jiwe

Nyumba ya mama mkwe wangu iko chini ya jiwe ambalo watu hutoka mbali kuja kuliona. Jiwe lenyewe limekaa juu ya mwamba, nje kidogo ya soko la Tulia. Ukilitazama kutoka barabarani unafikiri kuna mtu alilibeba akachoka, akalitua pale, akasahau kulirudia. Ni kubwa kuliko kanisa letu. Limekanyaga mwamba kwa sehemu ndogo sana, na kwa upande mmoja kuna uwazi, unaona anga ikipita chini yake.

Nilipoolewa hapa kutoka Tawa sikulipenda, na nilisema. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alinicheka.

"Nyinyi wa Makueni mmezoea maembe," aliniambia. "Embe likiiva linaanguka. Hili letu haliivi."

Nilicheka pia, kwa sababu lilikuwa neno la mchezo. Baadaye nikalizoea jiwe mpaka nikaacha kuliona, kama mtu anavyoacha kuona mlango wa nyumba yake. Mimi na mume wangu tulijenga mbali kidogo, ng'ambo ya korongo, si kwa ajili ya jiwe, ni kwa sababu shamba tuliloonyeshwa lilikuwa huko. Mama alibaki pale alipojengewa na marehemu bwanake. Sitaki mtu afikiri huyo mzee alikuwa mjinga. Kuanzia saa nane mchana jiwe linamwaga kivuli kwenye uwanja wote, na mvua ikinyesha mwamba unaleta maji yote kwenye tangi la mama. Hapa kwetu, mtu aliye na kivuli na maji ana nini tena cha kutafuta? Mzee amezikwa hapo hapo, kando ya nyumba, na mama hufagia kaburi kila siku anapofagia uwanja.

Wageni walianza kuja wengi simu za picha zilipoenea. Shemeji akawa ndiye anawapandisha kwa njia ya nyuma, mahali ambapo mwamba hauna mteremko mkali, na mimi nikawa napika chai na chapati kwenye kibanda pale chini kwa mama. Mume wangu hununua mbuzi huko Ikutha na hukaa siku nyingi bila kurudi, kwa hivyo kibanda kilinifaa. Wageni wote walifanya jambo moja. Wakifika juu, lazima mtu aweke bega kwenye jiwe, apigwe picha akisukuma. Kutoka chini tulikuwa tunawasikia wakicheka. Mama alikuwa anawapigia kelele: "Sukumeni vizuri, nimechoka na hii nyumba!" Nao wanazidi kucheka.

Siku moja alikuja mama mmoja mzungu na dereva wake. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, anajua Kiswahili cha kutosha. Kumbe kazi yake ilikuwa kuzunguka dunia akipiga picha za maajabu. Aliketi kwenye benchi yangu akanionyesha kwenye simu: ziwa jekundu kama chai ya rangi, mlima unaotoa moshi, mawe yaliyokaa juu ya mawe katika nchi ambazo majina yake sikuyashika. Moja lilifanana na letu kabisa, ila lilikuwa limezungushiwa ua wa chuma. Halafu akanionyesha picha aliyopiga ya jiwe letu kutoka ng'ambo ya barabara. Chini yake kulikuwa na kitu kidogo chekundu. Nikadhani ni udongo.

"Hiyo nyumba ni ya nani?" akaniuliza.

Yalikuwa mabati ya mama. Nikamwambia ni nyumba ya mama mkwe, ndiye yule anachambua maharagwe pale.

"Analala hapo?"

"Analala hapo na mtoto wangu."

Alinywa chai kidogo, akashukuru, akaenda. Lakini alipokuwa akiinuka aliangalia juu, akabeba kikombe chake akakimalizia barabarani.

Mimi nilisoma mpaka darasa la nane tu, na mambo ya mawe siyajui. Ila baba yangu alikuwa fundi wa nyumba kule Tawa. Akiona ufa kwenye ukuta, alikuwa anaupaka udongo laini kidogo na kuuacha. Udongo ukikaa mzima, ukuta umelala. Udongo ukipasuka, ukuta unatembea. Basi kesho yake nikapanda na vipande vya kibuyu kilichovunjika, vile vyembamba, nikavisimamisha kwenye uwazi ule, mahali ambapo jiwe na mwamba vinakaribia kugusana. Niliviingiza kwa kubana, vikasimama. Nilijiona mjinga sana. Sikumwambia mtu.

Nilipopanda tena, kimoja hakikuwepo. Nikamwambia shemeji. Hakukasirika. Alisema, "Shemeji, huko juu kumejaa pimbi. Pimbi akiona kitu kigeni lazima akionje." Ni kweli, pimbi ni wengi, na mavi yao yako kila mahali kwenye huo mwamba. Nikaweka vingine ndani zaidi, nikivisukuma kwa kijiti, mahali ambapo hata panya angetafuta njia.

Kiangazi kilikuwa kirefu mwaka huo. Mwamba ulikuwa unachoma miguu hata ukivaa ndala. Halafu jioni moja, kabla mbuzi hawajaingia, mvua ya kwanza ilipiga ghafla, matone makubwa baridi, na mwamba ukalia. Sina neno lingine. Ulilia mara moja, kama gogo kavu linavyopasuka, lakini sauti ilitoka chini ya miguu. Kuku walinyamaza. Mama alikuwa anasukuma mtungi chini ya paa, akasimama, halafu akaendelea kuusukuma.

"Mwamba unakunywa maji," akasema. "Ulikuwa unalia hivyo hata nilipokuwa bibi harusi."

Na mimi naamini ulikuwa unalia. Mama si mwongo.

Asubuhi nilipanda kabla ya wageni. Vipande vilikuwa ndani mle mle nilimoviweka, lakini havikuwa vipande tena. Nilipoingiza kijiti na kukivuta nje kilikuja na unga, unga wa rangi ya kibuyu. Nikamwita shemeji aone. Aliuchukua kwenye kiganja, akausugua kwa kidole.

"Pimbi hasagi," nikasema.

"Sijasema anasaga."

"Basi ni nini?"

"Labda jiwe limekaa tu vizuri. Mtu aliyechuchumaa si hujigeuza?" Halafu akasema polepole, bila kuniangalia, "Usiwaambie wageni kwanza."

Lazima niandike upande wake pia. Ana watoto shule, na kabla ya hili jiwe alikuwa anachoma makaa. Na ni yeye, si mimi, aliyeshuka moja kwa moja akamwambia mama ahame. Alimwambia atamjengea ng'ambo, karibu na sisi, mabati hayo hayo. Mama alimwacha amalize.

"Na baba yako utambeba kwa nini?" akamuuliza. "Kwa wilbaro?"

Ulikuwa mwisho wa maneno. Tulijaribu kwa njia ya kanisa. Wamama wa ushirika walikuja wakagawanyika. Wengine walisema nina haki, wengine walisema nimekosa imani. Mchungaji aliomba, akasema Mungu ndiye anayeshikilia jiwe. Nilimletea chai, akainywa amesimama karibu na lango. Labda alikuwa na haraka, siwezi kujua.

Sasa nifike kwa mtoto. Kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya baba, na si jina tu. Mume wangu humwita binti yetu "mwaitu," yaani mama. Mama mwenyewe humwita "mimi mdogo." Tangu alipoacha kunyonya analala kwa nyanya yake. Hakuna mtu aliyeniomba ruhusa na sikuhitaji kuombwa, ndivyo ilivyo. Mama ana haki ya kuchagua atakapolala yeye. Lakini mtoto hakuchagua. Niliwaza hivyo siku nyingi, nikiogopa, kwa sababu nilijua itakavyoonekana. Mume wangu nilimpigia simu, akasema, "Fanya unavyoona, ila mimi sitakuwa nimesema."

Nikaenda mchana, nikakunja blanketi ya mtoto na yunifomu yake. Mama alikuwa akitwanga mahindi ya muthokoi. Mchi ulisimama hewani.

"Unapeleka wapi?"

"Atalala kwetu, mwaitu. Mpaka mvua iishe."

Aliendelea kutwanga, kwa nguvu kuliko mahindi yalivyohitaji.

Baada ya hapo chakula nilichompelekea kilirudi kikiwa kimefunikwa vile vile. Nikimsalimu ananiangalia kama mtu wa sensa. Shemeji aliniambia mama hawashi taa jioni, anakaa tu mlangoni. Mimi nilikuwa nikimsikiliza mtoto akipumua na kujiuliza kama nimeokoa mtu mmoja kwa kumuua mwingine. Mvua ilikuwa inaendelea. Mwamba haukulia tena, na hilo halikunifariji, maana nilikuwa naungoja.

Halafu asubuhi moja mama akavuka korongo. Alikuwa amevaa nguo zake za kanisa na siku haikuwa Jumapili. Alisimama kwenye uwanja wangu, hakukubali kiti.

"Nimekuja kukuambia umenizika," akasema. "Umechukua jina langu ukaliweka mahali pazuri, ukaniacha mimi huko chini ya jiwe. Hivyo ndivyo watu hufanya wakirudi kutoka matangani. Wanabeba vitu vizuri vya marehemu wanaenda navyo."

Nililia. Nilimwambia sikumaanisha hivyo, na nilipokuwa nikisema nikajua sehemu fulani nilimaanisha. Nilikuwa nimeshamhesabu pamoja na walioenda. Nikamwambia hilo pia, kwa sababu sikuona njia nyingine ya kusema naye.

Mtoto alikuwa mlangoni amevaa kiatu kimoja. Mama alimwangalia sana.

"Mimi mdogo," akamwita. "Unalala vizuri huku?"

"Kuna mbu," mtoto akasema. "Na wewe hauko."

Mama akavuta pumzi. Halafu akaketi kwenye kile kiti alichokuwa amekikataa.

"Usiku nitalala hapa," akaniambia. "Usingizi wangu nimekupa. Lakini usiniguse mchana. Mchana ni wangu."

Ndivyo tunavyokaa mpaka leo. Jioni anavuka, analala na mtoto kwenye chumba cha mbele, analalamika juu ya mbu na juu ya kitanda. Asubuhi anarudi kwake kufagia uwanja na kaburi, anakaa kwenye kivuli chake mpaka jua lizame. Ananitania mbele ya watu: "Huyu wa Tawa alisema jiwe linakuja. Labda limekosa nauli." Wanacheka, na mimi nacheka. Jiwe halijaanguka. Huenda halitaanguka tukiwa hai, na mimi nitakuwa yule aliyemtoa mama mkwe kwenye nyumba yake kwa sababu ya unga wa kibuyu. Nalikubali hilo. Nilihamisha kibanda changu nikakileta upande huu wa barabara. Wageni nawaambia nilichokiona, kila mmoja. Wengine hurudi. Wengi hupanda, na nasikia kicheko chao wakisukuma.

Nimeendelea kuweka vipande. Kuna vilivyokaa wiki na wiki bila kuguswa, na nilifurahi kukosea. Mawingu yamerudi tena sasa, na asubuhi hii nilipanda nikakuta vyote vimesagwa, hata kile kinene cha shingo ya kibuyu, ambacho nilikiweka nikijua hakiwezi kuvunjika. Nilishuka nikampata shemeji njiani, nikamwonyesha kiganja. Aligeuka akaenda kufunga njia ya nyuma kwa matawi ya miiba, na hilo hajawahi kulifanya.

Mama nilimkuta akitoka kwangu na ufagio wake kwapani. Nikamwambia. Hakunicheka leo. Aliangalia juu, halafu akaangalia paa lake jekundu.

"Basi leo nitafagia haraka," akasema, akavuka korongo.

Naandika haya nikiwa nimekaa kwenye kibanda. Unga wa chapati uko kwenye karai, sijaukanda. Shemeji amemfuata mama, wako uwanjani wote wawili. Nasikia ufagio. Unafagia kando ya nyumba, sasa umefika kwa kaburi, maana sauti imekuwa ya taratibu. Tone la kwanza limeanguka kwenye mabati yangu. Nimemwita mama mara moja kwa sauti kubwa, na ufagio haujasimama.