Saa ya Mlango wa Stoo

Mimi na Doris tulipanga nyumba moja pale Chuno, vyumba vikitazamana, kwa hiyo ninayoyasema nayajua. Alikuja Mtwara mwaka 2005 kutoka Bukoba, akaajiriwa na kampuni ndogo iliyohudumia mitambo ya gesi upande wa Mnazi Bay. Alitunza seva ya logi, yaani kompyuta inayohifadhi kumbukumbu za mashine nyingine zote: nani kaingia, mlango gani umefunguliwa, saa ngapi. Kazi ya maana, ila haina wa kuongea naye. Jumapili walimu na watu wa bandari walitoka kanisani na familia zao. Yeye alirudi kwenye sahani yake moja.

Rafiki alikuwa naye mmoja tu, Cesar, mtunza stoo, ambaye wazee wake walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji. Wageni wawili, wakaelewana. Siku Doris alipofunga kisanduku cha kusoma kadi kwenye mlango wa stoo, laptop ilimtaka aandike saa.

"Kaka Cesar, saa ngapi?"

"Saa mbili kamili, dada."

Doris akaandika mbili, kama alivyoambiwa. Kumbe mashine huanza kuhesabu saa sita ya usiku, na asubuhi ile kwayo ilikuwa nane. Hakuna aliyegundua, maana kisanduku hakikuwa na kioo cha kuonyesha saa na logi hazikuwa na msomaji.

Mwaka uliofuata nyaya za shaba zikaibwa stoo. Bosi akataka logi ya siku ile, Doris akachapa mstari mmoja: kadi ya Cesar, 02:14. Ikasomwa kuwa saa nane za usiku. Cesar aliapa kwamba usiku ule alilala kwake, na stoo aliifungua asubuhi kama kawaida. Nani amsikilize? "Mtu wa ng'ambo," walisema, kana kwamba huo ni ushahidi. Doris naye akasaini kwamba logi ni sahihi. Angetazama mistari kumi tu ya jirani, angeona stoo ikifunguliwa usiku wa manane kila siku ya Mungu, naye angeshtuka. Hakutazama. Hapo ndipo ninapomkasirikia mpaka leo.

Cesar akafukuzwa, akarudi kwa mama yake, Mama Deolinda, huko Nanyamba. Doris akawa anakula mchana peke yake, akijiambia kwamba rafiki yake pekee alikuwa mwizi. Ulikuwa upweke mbaya, nami niliuona ukimkondesha.

Mwaka 2009 ikabidi seva ihamie toleo jipya la programu. Doris alilisakinisha kwenye kompyuta nyingine, akaanza kuielekeza mashine moja moja huko. Toleo jipya lilikuwa na safu ambayo la zamani halikuwa nayo: kando ya saa inayotajwa na mashine, lilionyesha saa ambayo taarifa imefika. Kisanduku cha stoo kilisema 03:05. Taarifa ilikuwa imefika 09:05. Alidhani amekosea usakinishaji, akafuta, akaanza upya. Zile saa sita hazikusogea. Ndipo alipokumbuka swali alilomuuliza Cesar mlangoni, akakaa sakafuni akalia.

Logi za zamani bosi alishasema zisihamishwe, zinajaza diski. Doris alipomweleza, alimjibu kwa upole, "Yaliyopita si ndwele, mama. Zifute. Ukizitoa nje, wa kuondoka ni wewe."

Alizihamisha zote. Ilimchukua siku mbili. Akachapa kurasa za mwezi mzima wa wizi ule, akaandika barua ya kukiri kosa lake, nakala moja akamwachia bosi mezani, nyingine akapanda nayo gari la Nanyamba. Kazi alijua imekwisha.

Alimkuta Cesar uani anabangua korosho. Akamweleza yote akiwa amesimama, akampa karatasi. Cesar alizisoma taratibu, akazikunja.

"Ahsante, dada Doris."

"Mama Deolinda yupo? Nataka nimwambie mwenyewe kwamba hukuiba."

"Tulimzika mwezi wa tatu." Cesar alichukua korosho nyingine, hakuipasua. "Hakuwahi kunitukana. Ila tangu nilipofukuzwa, funguo za ghala letu la korosho alizifunga kwenye pindo la kanga, akalala nazo. Waliozikabidhi kwangu ni wanawake waliomwosha."