Maziwa ya Aliyekaukwa na Sauti

Jamani, hili hata mama yangu kule Nangwa sijamwambia. Tulikuwa makuruta, kambi yetu ikiwa kando ya mashamba ya ngano ya serikali, tukivuna tangu alfajiri huku vumbi likitujaa kooni. Mwenzetu Bura ndiye aliyetuimbisha kwenye mchakamchaka, mpaka sauti ikamkauka kabisa. Daktari wa kambi akampumzisha.

Basi sisi tunarudi tumepauka, yeye kajilaza kivulini, Mama Paulina mpishi anampelekea kikombe cha maziwa ya moto! Afande alituambia kila siku kwamba kinachomwamsha kuruta ni kulipenda taifa. Mimi kilichoniamsha ni kile kikombe. Nilimwonea Bura wivu hadi ugali ukanishinda.

Jumatatu nikaamka na mimi sina sauti. Daktari akasema, “Sema aaa.” Nikatoa upepo mtupu. Akanipumzisha. Nikajilaza karibu na Bura, roho kwatu.

Mama Paulina akaja na vikombe viwili, daktari nyuma yake anakuja kututazama. Nikachungulia changu: maziwa mepesi, meupe tu. Nikachungulia cha Bura: utando umetanda juu, mnene, wa manjano.

“Mama! Mbona yeye umempa utando na mimi hukunipa?”

Nilipaza sauti hadi walioko shambani wakageuka. Bura akacheka bila sauti, machozi yakimtoka.

Daktari akaninyang'anya kikombe, akampa Bura.

“Hongera, kijana, umepona. Kesho alfajiri utatuimbisha wewe.”