Nilipunguzwa tumbo, nikaenda ukweni Kimamba nikaanza na nyama

Wakuu, heshima kwenu. Hili limenikuta mimi mwenyewe, sijasimuliwa. Wale wa kusema "chai hii", nyuzi ni nyingi, piteni tu.

Nauza nyama choma Mikumi. Nilikuwa bonge hasa, kuvaa viatu tu nahema. Pressure, sukari, magoti mabovu. Nikaenda Dar wakanifanyia operesheni ya kupunguza mfuko wa chakula.

Kilo ziliporomoka. Ila mtaani hawakwambii kwamba mafuta hayaondoki peke yake, na misuli inayafuata. Mimi niliyekuwa nabeba mbuzi mzima begani, nikawa nashindwa ndoo ya maji! Metabolism nayo, ule moto wa mwili wa kuunguza chakula, ikashuka, nikawa nasikia baridi. Mikumi hii hii, wakuu.

Daktari akanisisitizia: protein kwanza, nyanyua vitu vizito, wali na ugali mwisho kama nafasi imebaki. Na nafasi yenyewe ni kiduchu.

Sasa nikaenda Kimamba kujitambulisha kwa wazazi wa mchumba wangu, Rehema.

Adabu zetu mnazijua. Mgeni anakula wali, nyama anaigusa mwishoni, tena kwa kujivuta, kama vile hana shida nayo. Ukianza na mnofu, wewe mlafi.

Sinia la pilau likaja. Nikapiga bismillah, nikachukua mnofu. Nikaongeza wa pili. Wali sikuugusa.

Mjomba wake Rehema akaacha kula. Huyu mzee kitambi chake kinatangulia kuingia mlangoni, halafu ndiye bingwa wa kupima watu magonjwa kwa macho.

"Kijana amekondeana hivi, halafu anafakamia nyama tu. Hapo kuna ngoma, ukimwi huo. Mtoto wetu hatumtoi."

Nikaeleza operesheni yote. Akacheka mpaka akapaliwa. Eti mwanaume mzima anakatwa tumbo, si ungefunga tu? Ushauri huo, jamani, anautoa mtu ambaye Ramadhani ikiingia anaumwa kila siku, magharibi anapona.

Lakini sikuwa na nguvu ya kubishana. Rehema nampenda, na baba yake alikuwa ameinama. Niliona kabisa ndoa inanitoka.

Rehema akatoka ndani. Akapiga magoti, akazitoa nyama mbele ya mjomba, akazisogeza zote upande wangu.

"Kula. Anza na nyama, kama daktari alivyokwambia."

Binti, mbele ya wazee!

Baba yake ndiye aliyecheka kwanza. "Shemeji, kwani anayeoa ni huyu kijana au ni wali?"

Tumeoana. Misuli inarudi taratibu, na mbuzi nabeba tena.

Funzo: ukishakatwa tumbo, msikilize daktari wako. Usile ili kuwafurahisha watu, ukianguka hawatakubebea huo mwili.

Mliopitia operesheni hii, ukweni mlikulaje? Mwageni hapa.

NB: Mjomba siku hizi haishi kuja Mikumi, kafuata choma. Tunampokea vizuri sana. Rehema anamtengea wali sinia zima, na nyama haitoki jikoni mpaka aumalize. Adabu ni adabu.