Redio Iliyokesha Ndani ya Gari

Kwa siku nne mfululizo gari langu lilikataa kuwaka. Kila nilipotoka msikitini baada ya sala ya alfajiri nililikuta limetulia uani, umande kidogo kwenye kioo, na nilipozungusha ufunguo lilitoa mlio mmoja hafifu, kisha kimya. Majirani walilisukuma, likawaka, nami nikazunguka nalo mji mzima wa Garissa bila tatizo. Asubuhi iliyofuata likawa limekufa tena.

Kabla ya hapo lilikuwa zima. Kilichobadilika ni kimoja tu: nilikuwa nimefungiwa redio ya zamani, ile yenye mdomo wa kumeza kanda.

Niliitafuta redio hiyo kwa sababu ya barua ya mama. Zamani watu wetu wasiojua kuandika walituma barua kwa sauti. Mtu aliketi mbele ya kinasa sauti, akasalimu ukoo mzima, akalalamika, akaaga, na kanda ikasafirishwa kwa lori hadi kwa mwenyewe. Yangu ilinifikia chuoni, nikisomea ualimu, na mama alifariki kabla sijarudi. Tangu wakati huo jamaa wamemwambia dada yangu mkubwa, anayeishi Masalani, kwamba mama alikufa akiwa amemkasirikia kwa kukubali kuolewa mbali. Mimi nilikumbuka vingine. Lakini sikuwa nimeisikiliza kanda ile kwa zaidi ya miaka thelathini, na kumbukumbu ya mzee haina budi kuhojiwa kama maneno ya mtu mwingine yeyote. Dada ameanza kupoteza nuru ya macho. Alinipigia simu akasema, "Walaal, ndugu yangu, masikio bado ninayo. Niletee nisikie mwenyewe."

Nilijua pia kwamba umeme ukikatika kanda ikiwa inazunguka, mashine huubana utepe na kuutafuna. Kwa hiyo niliapa kutoigusa kanda ya mama mpaka nijue ni nini kinachokula betri.

Majirani walikuwa na majibu tayari. Mmoja alisema ni joto la Garissa. Mwingine alisema gari limetupiwa jicho.

"Umeliona jicho hilo?" nilimuuliza.

"Mwalimu, jicho halionekani."

"Basi tuanze na vinavyoonekana."

Asubuhi ya tano nilitoka mapema kidogo. Korongo walikuwa bado wamesimama juu ya miti, weusi, wasiotikisika, na upande wa mto kulikuwa na ukungu mwembamba uliofanya kila kitu kionekane kiko mbali. Niliifungua boneti. Nilitoa waya wa hasi kwenye betri, kisha nikaweka taa ndogo ya kupimia kati ya waya ule na betri. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu, milango imefungwa, kila kitu kimezimwa. Taa haikupaswa kuwaka.

Iliwaka. Ilikuwa nyekundu, dhaifu, na katika mwanga ule wa kijivu niliitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kulikuwa na kitu ndani ya gari kilichokuwa kikinywa umeme taratibu wakati sisi sote tumelala. Nilichomoa fyuzi moja baada ya nyingine na kuzirudisha. Taa haikujali, hadi nilipochomoa ya redio. Ikazimika. Niliingia ndani nikaigusa redio. Uso wake ulikuwa mweusi, lakini ilikuwa vuguvugu, kama kikombe ambacho mtu amekiacha sasa hivi.

Fundi aliyeifunga ni mtu wa Mwingi aliyezeekea sokoni hapa. Nilimweleza nilichokiona. Akacheka.

"Mzee, hiyo si makosa. Nimekufungia kama ninavyowafungia wenzako."

"Wenzangu gani?"

"Wote. Jioni mnaegesha, mnatoa ufunguo, mnaagiza chai, mnataka kusikiliza habari za Kisomali mpaka ziishe. Nikipitisha redio kwenye ufunguo, kesho mnarudi kunitukana. Kwa hiyo hizi waya mbili naziunganisha moja kwa moja kwenye betri."

"Na ikizimwa?"

"Hii ya zamani inafumba macho tu. Hailali."

"Hukuniuliza kama mimi hunywa chai ndani ya gari."

"Nilikuona na kofia na ndevu, nikajua."

Sikucheka mbele yake. Alizitenganisha nyaya zile, mmoja akaupitisha kwenye ufunguo. Nilijaribu kwa siku mbili, na asubuhi zote mbili gari likawaka kwa mguso wa kwanza. Hapo ndipo nilipoitoa kanda kabatini.

Barabara ya Masalani ilipita kama kitu ninachokiota: vumbi jeupe, mbuzi wakivuka bila haraka, kijani cha mto Tana kikijitokeza na kupotea. Dada aliongozwa hadi garini, akaketi kando yangu, mikono mapajani. Nilizungusha ufunguo nusu. Nikaisukuma kanda.

Kwanza ulikuja mvumo kama wa upepo, kisha kikohozi, kisha mama. Alisalimu watu ambao wote sasa wako chini ya ardhi. Aliniuliza kama chakula cha chuoni kina mafuta. Kisha akamtaja dada kwa jina la utotoni, lile ambalo hakuna tena anayemwita kwalo. Alisema kwamba tangu aolewe hajaleta samli hata kibuyu kimoja, na kwamba nikionana naye nimwambie njia haijafungwa, aje, na samli asisahau.

Utepe ulipofika mwisho, dada alinigeukia.

"Hakuwa na hasira," alisema. "Alikuwa na hamu ya samli."

"Hivyo ndivyo alivyosema."

"Miaka yote hii," akasema. Alipapasa mbele yake mpaka vidole vyake vikaifikia redio, akaviacha hapo. "Rudisha pale aliponiita."

Nikarudisha.