Stika Nyekundu

Kila asubuhi Mwandishi alisoma gazeti akiwa na makasi mkononi, kama mtu anayepara samaki. Alikata habari moja, pengine mbili, akazibandika kwenye daftari lake, na kilichobaki kikaenda kufungia maganda ya viazi. Ukurasa wa tanzia tu ndio hakuugusa. Huo ulikuwa mali ya wifi yake, mjane aliyekuja kukaa kwake wiki mbili na sasa alikuwa na mwaka wa tano.

"Leo wameondoka wangapi?" Mwandishi alimwuliza Alhamisi ile.

"Watatu. Tena wote picha za ujanani. Mtu kafa na miaka themanini, pichani ana mashavu ya bwana harusi! Mimi nikifa, wifi, weka ya harusini, ile niliyosimama kando ya keki."

"Ile umefumba macho."

"Si ndiyo itafaa?"

Mwandishi alitabasamu kidogo, akarudi kwenye kurasa zake. Mheshimiwa fulani alikuwa amekata utepe kufungua choo cha soko, akapewa nusu ukurasa. Kuhara kulikoua watu wanne katika mtaa mmoja kulipewa mistari mitano, chini ya tangazo la magodoro. Mdomo ulimkunjamana kwa kinyaa. Alikuwa akiapa kuliacha gazeti hili tangu alipomaliza chuo, na kila asubuhi alilinunua tena, kama mlevi na chupa yake.

Akafunua ukurasa wa kumi na moja, akakutana na uso wake mwenyewe.

"RIWAYA ILIYOTABIRI KIFO CHA MTOTO WA SHIMONI," kilisema kichwa cha habari. Kando ya picha yake palikuwa na picha ya pili, ya msichana mwenye mapengo, shati la shule limefungwa mpaka kifungo cha shingoni.

"Wewe! Umetoka gazetini!" Wifi aliruka, akaja kusimama nyuma ya kiti chake. Halafu akaiona picha ya pili. "Huyu si binti wa Mama Chapa?"

"Ndiye."

"Kufa kufaana," wifi alisema polepole. Kwa mara ya kwanza tangu ahamie, alitamka methali bila kucheka.

Mama Chapa alikuwa na chumba kimoja karibu na posta, chenye kompyuta, mashine ya kurudufu na kisu kikubwa cha kukatia karatasi. Alichapa barua za maombi ya kazi, ripoti za vikundi na kadi za mialiko. Mwandishi aliandika riwaya zake kwa mkono, na kila sura ilipokamilika aliipeleka pale. Kwa hiyo katika dunia nzima Mama Chapa ndiye aliyekuwa wa kwanza kuzisoma, na tofauti na wasomaji wengine, hakuwahi kuomba nakala ya bure wala kuahidi kusoma atakapostaafu. Alichapa huku akigombana na wahusika. "Huyu mwanamume mpuuzi, dada. Kwa nini mkewe hamfukuzi?" Binti yake wa mwisho alikaa chini ya meza akichora nyuma ya karatasi zilizoharibika.

Miaka miwili iliyopita Mwandishi alipeleka sura ambamo mtoto anatumbukia katika shimo la mabomba lililoachwa wazi. Mama Chapa aliisoma yote kabla ya kugusa kompyuta.

"Dada, lazima afe?"

"Hadithi inataka hivyo," Mwandishi alijibu, akacheka.

Miezi minane iliyopita, mafundi wa mabomba walichimba shimo nyuma ya posta, wakaliacha bila kifuniko, na mvua ikalijaza. Binti wa Mama Chapa alikuwa akitoka shule. Mwandishi alikwenda msibani, akakaa sakafuni na wanawake wenzake, akaosha vyombo. Wiki hiyohiyo mchapishaji alimpigia simu: kitabu kimefika mtamboni, lakini bado inawezekana kuitoa ile sura. Aitoe? Mwandishi akasema, "Ibaki."

Neno moja tu. Hakuwahi kumwambia mtu.

Alikunja gazeti, akavaa viatu, akaenda moja kwa moja ofisini kwa mtu wa mauzo wa mchapishaji, ambaye waandishi wote walimwita Bwana Shamrashamra. Alimkuta katikati ya maboksi yaliyofunguliwa. Kwenye kila jalada, juu ya jina la Mwandishi, palikuwa na stika nyekundu ya mviringo: KISA CHA KWELI CHA MTOTO WA SHIMONI.

"Mama yetu!" Bwana Shamrashamra alifungua mikono. "Umeona gazeti? Simu hazikatiki! Jumamosi pale duka la vitabu patakuwa hapatoshi. Utawasomea ile sura ya shimo."

"Si kisa cha kweli. Niliiandika kabla."

"Ndiyo utamu wenyewe! Ulitabiri."

"Sikutabiri kitu. Mashimo yako kila mahali, mtu yeyote mwenye macho angeandika."

"Mwandishi, sikiliza." Alishusha sauti kama daktari. "Watu hawasomi. Wewe unajua, mimi najua. Kitabu chako kilichopita kilikaa rafuni mpaka buibui wakakimaliza. Mtu akisikia ni hadithi tu, anapita. Akisikia kuna maiti ya kweli, anasimama."

Mwandishi alikwangua ukingo wa stika moja kwa ukucha. Jambo lililomchukiza zaidi ni kwamba yule bwana alikuwa akisema kweli.

"Picha ya mtoto mliitoa wapi?"

"Gazeti wanayo tangu wakati ule."

"Na hizi stika?"

"Hapo karibu na posta tu. Yule mama ana mkono mwepesi, kazi ya siku moja. Hakutusumbua hata kidogo."

Mwandishi alitoka bila kuaga.

Alimkuta Mama Chapa akipanga kingo za ripoti ya watu wengine. Kwenye kisu cha karatasi bado palikuwa na vipande vyembamba vyekundu.

"Karibu, dada," Mama Chapa alisema bila kunyanyua uso. "Kaa."

"Kwa nini ulikubali kuzichapa?"

"Kazi ni kazi. Alikuja na maneno yameandikwa kwenye karatasi. Nilisoma, nikafikiri, dada amekubali. Kama ulivyokubali ile sura ibaki."

Mwandishi alikaa.

"Ulijua?"

"Kitabu kilipotoka nilikisoma. Siku zile za msiba nilijisemea, dada ataitoa, ananiosheaje vyombo vyangu halafu asiitoe?" Alivuta droo, akatoa karatasi moja iliyokunjika pembeni, akaiweka mezani. "Hii nilichapa ikatoka na mstari wa wino katikati. Nikampa mtoto."

Upande mmoja palikuwa na aya ya shimo, kwa maneno ya Mwandishi. Upande wa pili palikuwa na nyumba yenye madirisha saba, na mtu mwenye nywele ndefu kuliko miguu yake.

"Nikiitazama upande huu, yupo, anachora," Mama Chapa alisema. "Nikiigeuza, umeshamuua. Siwezi kuitupa wala siwezi kuitundika ukutani. Hebu niambie wewe uliyesoma chuo, karatasi kama hii inawekwa wapi?"

Mwandishi alifungua mdomo kuomba radhi.

"Usiniombe radhi," Mama Chapa alimkata. "Mhandisi wa mabomba ameniomba, wakubwa wa mji wameniomba, gazeti nalo lilituma salamu za rambirambi. Radhi ninazo za kujaza gunia. Mtoe mwanangu kwenye majalada yako. Basi."

Jumamosi Mwandishi alifika duka la vitabu saa moja kabla ya watu, na kisu cha jikoni kwenye mkoba. Wifi alikuja naye, amevaa kama anakwenda kupigwa ile picha ya tanzia. Walikaa nyuma ya rundo la vitabu wakaanza kubandua. Gundi ilikuwa nzuri. Kila stika iliondoka na ngozi ya jalada, ikaacha kovu jeupe la mviringo juu ya jina la Mwandishi.

"Mnafanya nini!" Bwana Shamrashamra aliingia mbio, jasho kwenye kola. "Nani atanunua kitabu kilichochunwa?"

"Mwenye kutaka kusoma," wifi alimjibu. "Kaa, baba, shika kisu. Au huna mkono mwepesi?"

Watu walipojaa, Mwandishi alisimama akawaambia kwamba gazeti limesema uongo, kitabu ni hadithi tu, na ile sura hataisoma. Kisha akawaambia lile la pili: kwamba mtoto alipokufa aliulizwa kama sura itolewe, akasema ibaki. Mwanamke mmoja mstari wa mbele alirudisha kitabu mezani kama mtu aliyeshika kitu chenye unyevu, akatoka, na wengine wakamfuata. Mwandishi hakuwalaumu. Huo mdomo uliokunjamana wa yule mwanamke aliujua; ndio aliokuwa nao yeye kila asubuhi mbele ya gazeti.

Jumatatu alikwenda karibu na posta. Aliweka mezani nakala moja yenye kovu, na kando yake daftari la hadithi mpya, kwa mazoea tu. Alipotambua alichofanya akataka kulirudisha mkobani.

Mama Chapa aliweka kiganja juu ya daftari. Kwa mkono mwingine alipitisha kidole kwenye kovu la jalada, akizunguka polepole, kisha akafunua kitabu, akatia ndani yake ile karatasi ya nyumba yenye madirisha saba, picha ikitazama juu. Akakifungia kwenye droo.

"Na humu anakufa nani?" aliuliza, akigonga daftari.

"Sijui bado."

"Basi lichukue." Alilisukuma mpaka ukingoni mwa meza. "Nenda kajue kwanza. Ukishajua, uje unikalishe chini uniambie, kabla sijawasha mashine."